Damu Inaporudi

Saa nane usiku, Dundee. Theluji imegoma kuyeyuka
kwenye maegesho ya hospitali.
Mundhiri alikaa na maumivu tangu chakula cha jioni,
akasema ni tumbo.
Miaka kumi na minne: tumbo ndilo jina
la kila kilicho chini ya kitovu.

Daktari Geddes anavua kofia yake ya karatasi.
"Kende lilijisokota mara mbili. Nimelizongoa.
Lilikuwa jeusi, halafu zambarau.
Nikalifunika kwa kitambaa cha uvuguvugu, nikangoja.
Waridi. Kidogo."

Nataka kuondoka na neno hilo, waridi.
Lakini anaendelea: damu ikirejea baada ya saa nyingi
haiji na heri tupu.
Huingia kama mwenye nyumba aliyefukuzwa,
ikavunja vyombo vyake yenyewe.

Nauliza dawa. Ya kuituliza hiyo hasira.
"Zipo," anasema, "zimewasaidia panya."
Panya!
Anazitaja. Moja ni ile ya wanaume wazee,
nami nacheka, naye pia, kisha tunanyamaza.
"Kwa watoto wa watu, bado hatujui.
Tutampa ya maumivu. Baada ya miezi sita, tupime."

Mama angesema: mficha uchi hazai.
Naimeza methali nzima, kidonge bila maji.
Mwanangu amelala, midomo mikavu,
kiganja kimefunika pale pale
pasipotajwa kwetu.

Mahali fulani, chini ya taa nyeupe,
panya anachomwa sindano kwa ajili yake.
Sijawahi kumwombea panya.