Pembe Bado Mbichi

Fundi Bachisio alinishika mkono kabla hajanisalimu.
Akaulaza juu ya karatasi ya khaki iliyofungia mkate,
akauzungushia penseli, kidole baada ya kidole,
akishuka mabondeni, akipanda, kimya,
kama anayechora kisiwa asichowahi kukikanyaga.
"Miezi kumi na minne," akasema.
Ilikuwa Oktoba. Kondoo walikuwa hawajaanza kuzaa.

Efisio, shemeji yangu, alinicheka njia nzima ya kurudi:
Bei ya kondoo wawili, na kisu chenyewe hakuna!
Ozieri dukani vimening'inia tele kama soseji,
unalipa, unakata jibini jioni hiyohiyo.
Nikanyamaza. Alikuwa anasema kweli.
Ila kisu cha dukani hakimjui mtu.

Mwezi wa kumi na nne nikapiga simu.
Ilianza kusikika nyundo, kisha yeye.
"Pembe bado mbichi."
Alivyosema, ungedhani dume mwenyewe yu hai,
yuko kilimani anatafuna, hana habari nami.
"Nikiifunga leo, mwakani itajikunja, itaacha mwanya,
na utanitukana ukiwa jikoni, nami sitasikia.
Nitukane sasa, simu i sikioni."
Nikamtukana kidogo. Akashukuru.

Subira huvuta heri, walisema.
Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema pia.
Hawa na hawa hawakuwahi kula meza moja.

Najua kungoja, mimi.
Jibini nalingoja nikiligeuza kila asubuhi,
nalipaka mafuta, nalo hunilipa kwa harufu.
Kondoo mwenye mimba namgusa ubavu, ananijibu.
Lakini huku hakuna cha kugeuza wala cha kugusa.
Yeye kashika mpini, mimi nimeshika makali
ya kisu ambacho hakijawa kisu.

Mwaka wa pili theluji ilifika hadi zizini.
Binti yangu Grazietta akaenda Torino, kazi ya hospitali.
Nikaendelea na kisu cha marehemu mama,
kilicholiwa na jiwe la kunolea hadi kikawa unyasi.
Alfajiri vidole vyangu vikaanza kukataa kukunjika.
Daktari ana jina lake kwa hilo;
mimi naliita miaka thelathini ya kukamua.

Machi, ikaja bahasha. Ndani hamna neno,
mchoro tu: ubavu wa kisu, mwembamba,
umechongoka kama jani la mhadasi.
Nikaubandika juu ya sinki. Ukalowa. Nikaukausha.

Aprili ya mwaka wa tatu nikaenda bila kuitwa.
Ukutani kwake mikono ilikuwa imetundikwa,
mikono ya karatasi, mipana, ya kitoto, mmoja wa vidole vinne,
mingine ina msalaba mdogo wa penseli kwenye kiganja.
Sikuuliza. Akaeleza: "Hao walinitangulia."

Akautungua wangu, akaulaza mkono wangu juu yake.
Mkono ulikuwa umemwagika nje ya mstari
kama maziwa yaliyochemka bila mtu.
Alitazama vifundo vyangu muda mrefu.
Kisu kilikuwa pale kwenye jiliwa, kimebaki kung'arishwa tu.
Akakilegeza, akakikunja, tak!
akakitia kwenye saraka.

"Lakini hicho ni changu," nikasema.
"Kilikuwa. Kuna mkono mahali fulani
haujajua kwamba unakingoja."
Akaigeuza karatasi ileile ya khaki
upande usioandikwa, akalamba ncha ya penseli.
Safari hii alichora polepole,
akipumzika kwenye kila kifundo
kama mpanda mlima.
Sikumwuliza miezi mingapi.

Garini Efisio hakusubiri hata niufunge mlango.
"Haya, kiko wapi?"
Nikatoa kile cha mama mfukoni, nikamkatia mkate,
nikamkatia na jibini, kipande kinene kuliko ilivyostahili.
"Pembe bado mbichi," nikamwambia.