Kijiko

Akureyri, Januari. Jua huchungulia saa tano,
saa tisa limeshakunja jamvi.
Ndiyo maana kwetu, kabla ya uji, kuna kijiko:
mafuta ya ini la samaki,
na nyuma ya kijiko, bibi Hallbera:
"Meza, Sölvi. Huku jua ni mgeni, mfupa usilale njaa."

Nilimeza miaka kumi na minane.

Kisha Daktari Eydís akaniandikia vidonge vya chunusi,
laini, rangi ya matunda pori,
akasema: mafuta ya bibi, acha.
Hivi ni ndugu wa vitamini A,
na ndugu wawili ndani ya ini moja
hugombana.

Bibi alifunga chupa. Akaipangusa. Hakusema.

Mwezi wa kwanza midomo ilibanduka kama rangi ya dirisha.
Mwezi wa tano Steinvör wa duka la mikate
alinitazama usoni (usoni!)
akasahau kunirudishia chenji.

Lakini mimi ni kipa wa mpira wa mikono.
Kazi yangu ni kuruka nimetanuka,
kuangukia mbao.
Mgongo ukaanza kuniamsha usiku wa manane,
nyonga ikadai ushuru kila ngazi.

Eydís hakunificha: maumivu huja,
mara nyingi huondoka na dawa.
Kuhusu uzito wa mfupa, tafiti zinavutana;
moja inakana, nyingine inakohoa.
"Tupime."

Nililala chini ya mkono wa mashine.
Miaka minne nimeficha ngozi kwa kola na kofia,
na hapa kuna kitu kisichojali ngozi hata chembe,
kinasoma yaliyo chini.
Mkakasi umeshapakwa rangi.
Nilitaka kujua kipande changu cha mti.

Namba: chini kidogo ya wenzangu.
Kidogo.
Huenda ni dawa. Huenda ni Januari. Huenda ni mimi.

Zimebaki wiki sita. Nitavimaliza vidonge,
sitasema uongo, shavu hili nalipenda.
Bibi amekwenda famasia peke yake,
kwa miguu, juu ya barafu, na yeye mifupa yake ndiyo hiyo,
akarudi na matone ya vitamini D,
"yasiyo na ini la mtu."

Asubuhi, kijiko kilekile. Tone limekaa katikati,
karibu lisionekane.
Ananishika uso kwa mikono miwili, anautazama weee,
kisha anaiinamia nyonga yangu,
anaigonga kwa kidole
kama anayepiga hodi.