Pini Mdomoni

Walipolipigilia lile sanduku
kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, Barabara ya Kumi na Saba,
tulicheka.
Mbao za kreti la soda, kufuli la shilingi elfu mbili,
na rangi nyekundu iliyochuruzika: SEMA. HATUTAKUJUA.
Wiki ya kwanza Mtendaji Semkiwa alilifungua, akakuta
shtaka dhidi ya jogoo wa Mzee Kibwana,
ganda la peremende,
na barua ya mapenzi isiyo na anwani.
"Si haba," akasema. "Angalau mdomo wake unafunguka."

Kisha zikaanza kuondoka mita za maji.
Moja Jumatatu. Tatu usiku wa mvua.
Tukaamka barabara imekuwa mto,
watoto wa madrasa wamepandisha kanzu hadi magotini, wanashangilia,
na sisi wakubwa tunahesabu bili
ya maji ambayo hakuna aliyeyanywa.

Vijana wa ulinzi shirikishi wakapewa filimbi na tochi.
Lakini kwa muuza kahawa, chini ya benchi,
kuna mtu aliweka chupa ya nusu lita
na ndani yake hayakuwa maji.
Kila jioni nikipita naiona.
Petroli ina subira.
Ilikuwa inangoja jina tu.

Jina nilikuwa nalo mimi.

Mfunguo Sita alinijia Sufiani wa Bi Mwantumu:
"Shangazi, nishonee mfuko wa turubai,
mshono mara mbili, nabebea spana."
Nikamshonea. Hata bei nikampunguzia.
Na alfajiri ile, mimi na ndoo yangu mlangoni,
nikauona mfuko unapita begani mwa mtu anayekimbia pekupeku,
unadondosha maji,
na pembeni yake ule uzi wa kijani
niliomalizia kwa sababu mweusi uliniishia.

Mtu husahau uso. Mshono wake hausahau.

Mbea ni nani? Mchongezi ni nani?
Mama alinifunza: la jirani lifunike kwa kanga.
Lakini kanga haizimi petroli, mama.
Kanga hushika moto kabla ya nyumba.

Nikachana ukurasa wa daftari la kitinda mimba wangu,
maana karatasi yangu ya kukatia nguo mtaa mzima unaijua.
Nikaandika kwa mkono wa kushoto,
herufi zikaegemeana kama wagonjwa kwenye foleni ya Bombo:
Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, karibu na reli.
Ijumaa, saa tisa usiku.
Nendeni na polisi. Msiende na mtaa.
Hayo ya mwisho nikayapigia mstari mara mbili,
mazoea ya kazi.

Nilipoitumbukiza, sanduku lilitoa sauti ndogo
kama mtu anayemeza.

Walimkamata akiwa na meno yake yote.
Mfuko uko kituoni Chumbageni, umeandikwa namba.
Mkutanoni Mtendaji akasema, "Mwandishi hatumjui,"
nyuso sitini zikageuka kutafutana.
Mimi niliitazama feni.

Ile chupa sijui nani aliiondoa.
Naye hakuandika jina.

Jana Bi Mwantumu kaleta buibui kupunguzwa.
Amekonda, pindo linaburura chini.
Akasimama juu ya kigoda, nikapiga magoti miguuni pake.
"Aliyeandika ile barua," akasema, juu ya kichwa changu,
"sijui nimlaani au nimpikie.
Ningemjua, labda ningefanya yote mawili siku moja."

Nilikuwa na pini saba mdomoni.
Nikazitoa mojamoja,
nikazichomeka kwenye pindo, taratibu,
na ya saba
nikaibakiza palepale.