Karatasi ya Masahihisho

Vitabu vimefika Newala, nakala mia tatu,
juu ya basi la usiku. Boksi moja limelowa.
Sisi ni watu watatu na chumba kimoja
nyuma ya ghala la korosho;
miaka sita tumehariri vinyago vya mapiko,
tanbihi kwa tanbihi,
mpaka tukaota nukta.

Bi Somoe Chitanda alikuja kununua kimoja.
Hakuuliza bei.
Akalowesha kidole, akafunua, akafunua,
ukurasa wa arobaini na saba akakwama.
"Mchongaji hajulikani," akasoma,
kama anayesoma hati ya deni.
"Hajulikani na nani?
Sikio hili la kushoto, tezo ilimponyoka
siku niliyozaliwa.
Mama aliniambia, naye hakutakiwa kujua."

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi. Tumeuahirisha.
Profesa kapiga simu mara mbili, hatujapokea:
vidole vinanata gundi ya unga wa muhogo.
*Uk. 47, badala ya "hajulikani", soma
Litunga Chitanda, wa Kitangari.*

Mia na kumi tayari.
Bi Somoe amevuta kigoda, anabandika nasi.
Za kwake zimekaa upande kidogo.
Hatumsahihishi.