Stakabadhi

Kila Novemba tunakutana kwa Gesine, ghorofa ya nne,
Bremen, mtaa usio na kitu ila duka la baiskeli
na mvua. Lifti imekufa. Holger hupanda akihesabu ngazi
kwa sauti, sabini na mbili,
kama zamani alivyohesabu pumzi.
Tulikuwa mia mbili na kumi. Siku hizi tunatosha meza moja
na keki ya plamu inabaki.

Jina lake halitajwi. Tunasema yule.
Yule aliyekuwa fundi wa mita za gesi kabla ya kuoteshwa,
yule aliyejua kukaa kimya hadi ukadhani
kimya kile kimekatwa kwa kipimo chako,
kama suti.

Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Niliandika: Holger Tiedemann, tanuri mbili
na duka la mikate la baba yake, yote.
Wiebke, fidia ya marehemu mumewe, yote.
Gesine, piano.
Mwandiko wangu ulisifiwa.
Kila aliyetoa nilimpa stakabadhi yenye mhuri wa ua,
naye akaibusu.

Lakini viko vilivyopita mlangoni bila karatasi.
Siku mama yake Wiebke alipozikwa huko Emden
yule alisema huzuni ni deni, anayelia analipa riba.
Wiebke akashinda bustanini akipanda vitunguu,
mistari imenyooka, macho makavu.
Anasema vilistawi sana.
Anasema mpaka leo akikata kitunguu hatokwi na chozi
na daktari wa macho haoni kasoro.

Mtoto wa Gesine alilelewa nyumba ya watoto, ng'ambo ya zizi.
Neno mama lilipigwa marufuku, eti linafunga.
Sasa Jannik ana miaka arobaini na mmoja, dereva wa treni
ya Hanover. Husimama hapa dakika nane.
Gesine humpelekea chai kwenye chupa.
Humwita Gesine, kwa adabu,
kama unavyomwita karani aliyekuhudumia vizuri.

Mpwa wangu huniuliza: lakini shangazi, hukuona?
Niliona. Macho yangu hayakuwa na mtoto wa jicho.
Niliona mkate wake mweupe na wetu wa shayiri.
Niliona Anke akishuka ngazi alfajiri, viatu mkononi,
akinitazama mimi, mimi hasa, mwenye funguo.
Nikafungua ukurasa mpya. Nikaandika jumla.

Alituvika kilemba cha ukoka, naam,
ila ukoka wenyewe tuliusuka sisi,
usiku, kwa zamu.

Holger anakohoa. Halafu anasema:
Nilikuwa na furaha.
Hakuna anayemjibu. Gesine anakata keki iliyokwisha katwa.
Wiebke, polepole: Asubuhi ile ya theluji,
tuliposimama wote uwanjani bila makoti,
mvuke ukipanda kutoka vinywa mia mbili,
na mimi sikujua upi ni wangu...
Hamalizi.
Wakili alitudaia nyumba, tanuri, piano.
Hilo angelidai kwa nani?

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Sisi tunajizoa kwa kijiko cha chai
mara moja kwa mwaka,
na zulia linakunywa mengine.

Mwaka huu nimekuja na kitabu cha stakabadhi,
nimekificha ndani ya mfuko wa mkate.
Kurasa tisa hazijaandikwa. Ua halijafifia.
Yule alifariki mwezi wa Machi; gazeti lilimpa mistari minne.
Holger anakigusa kitabu kama sufuria ya moto.
Niandikie, anasema.
Niandike nini?
Imepokelewa.
Kutoka kwa nani?
Anafikiri. Mvua inafikiri naye.

Naandika tarehe. Kalamu inakubali hapo tu.
Wiebke anainama kuupuliza wino,
na Gesine ameshavaa koti, chupa kwapani,
anatafuta kipande cha keki kisichovunjika:
treni ya saa moja haichelewi.