Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi na Moja

Nilikinunua Mwembe Tayari, shilingi hamsini.
Jaladani paka, buli la chai, na kisu kidogo
kimelala kando ya keki kama mgeni asiye na haraka.
Muuzaji akanambia: Hiki kina maiti,
lakini maiti wa adabu.

Basi kila usiku baada ya isha, hapa Kuze,
feni ikilalamika juu yetu,
namfasiria mavyaa wangu, Bi Mwanamvua,
kijiji kizima cha Waingereza.
"Ati nyumba zao za nyasi?"
Za nyasi, mama. Na ni matajiri.
Akacheka hadi halua ikamponyoka.

Skonzi zao, nikamweleza, ni mahamri
yaliyozaliwa bila nazi, bila iliki, bila bahati.
"Ndiyo maana wanauana," akasema.

Watu mia tatu tu,
na kufikia ukurasa wa arubaini wamekwenda wawili:
mpiga kinanda wa kanisa, kichwa ndani ya pipa la mvua,
na jaji wa mashindano ya maboga,
aliyeangukiwa na boga lililoshinda.
Hakuna anayehama.
Hakuna hata anayefunga dirisha.
Wanachemsha maji, wanaulizana,
na mwanamke mmoja mfumaji, jina lake gumu,
sisi twamwita Bi Sindano,
anahesabu nani alikula keki
na nani alijifanya amekula.
"Huyu angekuwa Kibokoni," akasema mavyaa,
"tungemwita mmbeya."
Kule wanamwita mpelelezi.

Mtaani petu sufuria la pilau la arusi ya Salha
liliondoka na nyama yake yote,
mchana, mbele ya umati,
mwaka wa kumi na moja huu, na hakuna aliyeulizwa.
Na shemeji yangu Badi, aliyetoka zamu ya usiku bandarini
asifike nyumbani,
faili lake lina karatasi moja,
na karatasi hiyo tarehe yake si sahihi.
Kule kijijini hata paka akikohoa
mtu huinuka, huweka kikombe chini, huuliza:
Ulikuwa wapi saa nne na robo?

Nilipolisoma swali hilo, Bi Mwanamvua
alitazama mlango kidogo.
Kisha akasema: Soma.

Tukafika mia mbili na kumi.
Bi Sindano amewakusanya wote sebuleni, mvua inanyesha,
anainua sindano yake: Muuaji, anasema, ni...
Nikafunua.
Mia mbili na kumi na tatu.
Watu wanakula keki, wamefurahi,
mmoja hayupo na wanamtaja "yule" tu.

Nikaanza upelelezi wangu.
Nikamshuku Swabra wa kachiri, afungaye kwa karatasi yoyote.
Nikanunua pakiti sita: bili ya umeme,
hesabu za darasa la tano, zote kosa,
nusu ya kadi ya mwaliko.
Nikamshuku mume wangu Nadhiri,
anayetafuta siku zote cha kutegemeza meza.
Meza bado inayumba. Akaachiliwa.

Ijumaa, nikitandua vitanda,
chini ya mto wa Bi Mwanamvua:
karatasi imekunjwa mara nne,
asmini zimenyaukia ndani yake.
Yeye, asiyejua Kiingereza hata neno.

Sikuikunjua. Naapa, mkono uliwasha,
lakini sikuikunjua.

Usiku akaketi, uso mkavu kama kasisi.
"Haya, ni nani basi?"
Bado sijui, mama. Nadhani kuna kitu tulikipita.
Turudi kwenye pipa.
"Naam," akasema, akinisogezea visheti.
"Na safari hii muulize vizuri yule muuza maziwa.
Mimi simwamini."