Kwa Sikuku, Mpwa Wangu

Sitakuletea ule mfano wa saa.
Miaka thelathini nazifungua hapa Luthuli,
na saa haijawahi kuniambia lolote
ila kwamba vumbi huingia kokote.

Kwa vitabu umenishinda, nakiri.
Nyota, visukuku, umri wa mawe:
nimesoma, sikuogopa.
Anayenionyesha ngano ndani ya mkate
hajamfukuza mwokaji.

Lakini juzi pale Lang'ata,
tulipomzika Nanjala wa miezi saba,
ulitupa koleo ukafoka, "Hii si haki!"
Nikanyamaza. Pasta alikuwa amesema mno.

Si haki, Sikuku, kwa mizani ya nani?
Mawe hayadaiwi. Homa haina aibu.
Pale ulikuwa unamdai mtu,
na koo lako lilimjua
kabla kinywa hakijamkana.

Jibu la kaburi lile sina.
Ninaye Mmoja tu, aliyefika kwa rafiki yake
siku nne baada ya maziko,
akijua vyema atakalotenda,
na bado akalia.

Hilo silifungui kwa bisibisi.

Chai inapoa. Vuta stuli.
Bisha tena.